Kuboresha ardhi kwenye Freeciv: somo limelala kwenye kibanja cha Bukoba na Muleba

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee gemu. Najua kuna watakaosema huyu naye kaishiwa, lakini vumilieni, maana habari yenyewe inaishia kwenye migomba ya nyumbani kwenu.

Magemu ninayosemea ni yale ya kujenga taifa kwa zamu. Wewe unacheza, ukimaliza unabonyeza, mwenzako anacheza. Baba lao ni Civilization la Sid Meier, lililotoka mwaka 1991. Freeciv ni mdogo wake wa bure, lilianzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark mwaka 1995. Ni jepesi, halidai kompyuta ya kifahari, ndiyo maana linafaa kwa sisi wa mashine za kulipia kwa saa. Mwenye simu ya Android anaweza kupata Unciv, nalo la bure, linalofuata kanuni za Civilization V. Na waliocheza Civilization IV la mwaka 2005 wanajua kwamba gemu linafunguka kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata. Kwa hiyo humo ndani Mswahili si mgeni.

Sasa tatizo. Vijana wengi nikiwaangalia wanavyocheza, wanakimbilia jeshi. Zamu ya kumi tayari ana askari watano, lakini mji wake una watu wawili na haukui. Kufika katikati anakuja mtu mwenye miji minne tu, anamfagia. Mshindi mara nyingi hajamzidi kwa askari, kamzidi kwa ardhi. Yeye aliitengeneza, mwenzie akaiacha ilivyo.

HESABU YA KIPANDE KIMOJA

Ramani yote imekatwa vipandevipande. Kila kipande kina aina yake: majani, tambarare kavu, kilima, mlima, msitu, jangwa, ziwa. Kila kipande kinatoa vitu vitatu kwa viwango tofauti: chakula, uzalishaji (zile ngao za kujengea vitu) na biashara.

Kwenye Freeciv la kanuni za zamani, zile zinazoitwa classic, mji unafikia vipande 21, ukihesabu na kile ulichokaa. Lakini kuvifikia si kuvila. Raia mmoja analima kipande kimoja tu. Mji wa watu watatu unatumia vipande vitatu pamoja na kile cha katikati, vingine vyote ni mapambo mpaka watu waongezeke.

Na kila raia anakula chakula 2 kwa zamu. Hapa ndipo penye mchezo wote, kwa hiyo tulia tupige hesabu.

Kipande cha majani kinatoa chakula 2. Raia analima 2, anakula 2, ziada sifuri. Amejilisha mwenyewe basi. Ukichimba mfereji wa kumwagilia, kipande kinatoa 3. Anakula 2, inabaki 1. Ukiwa na vipande viwili vya namna hiyo, ziada ni 2, yaani umepata chakula cha mtu wa tatu ambaye halimi kabisa. Huyo unampeleka mlimani, ambako chakula ni sifuri, akakuletee ngao. Ghala, hekalu, maktaba, jeshi, vyote vinatoka kwenye ile ziada ya 1 uliyoidharau.

Tambarare kavu inatoa chakula 1 na ngao 1, mfereji unaipandisha kuwa 2 na 1. Kilima kinatoa chakula 1, ukichimba mgodi kinaongeza ngao 3. Barabara juu ya majani, tambarare au jangwa inaongeza biashara 1. Mfereji hauchimbwi popote tu: lazima kipande kipakane na mto, ziwa, bahari au kipande kingine chenye mfereji tayari, na kupakana kwa pembe hakuhesabiki.

KANUNI NNE ZA KUANZIA

1. Boresha kipande kinacholimwa au kitakacholimwa karibuni. Mfereji kwenye kipande ambacho hakuna raia anayekigusa ni jasho la bure. Fungua dirisha la mji, angalia watu wako wanalima wapi, ndipo utume vibarua.

2. Usiwaache vibarua wafanye kazi wenyewe kwa ile amri ya kujiendesha, angalau mwanzoni. Kompyuta inatengeneza ardhi bila kujua wewe unataka nini. Mji wa mpakani unahitaji ngao, mji wa ziwani unahitaji biashara, yenyewe haitofautishi sana.

3. Kata msitu kwa hesabu. Kwenye Civilization IV ukifyeka msitu unapata uzalishaji wa papo hapo, jengo linakamilika haraka, watu wanashangilia. Lakini msitu hauko tena.

4. Angalia serikali uliyonayo kabla hujachimba. Hii wengi hawaijui, nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Kwenye kanuni za classic unaanza na udikteta. Chini ya udikteta, kipande chochote kinachotoa zaidi ya 2 ya kitu kimoja kinakatwa 1. Sasa rudi kwenye majani yetu. Umechimba mfereji, kipande kinatoa 3, serikali inakata 1, unabaki na 2 uliyokuwa nayo. Umefanya kazi zamu kadhaa, hukupata kitu! Kwa hiyo chini ya udikteta mwagilia tambarare kavu kwanza (1 inakuwa 2, haikatwi), jenga barabara, halafu kimbilia elimu ya kukupa ufalme. Ukishabadili serikali ndipo mifereji ya kwenye majani inalipa.

Kwa watu wa Kagera habari hii si ya kwenye kompyuta tu. Zamani Buhaya kulikuwa na nyarubanja. Mtawala aligawa ardhi kwa wakubwa, na wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo wakageuka wapangaji, wakawa wanampa mwenye nyarubanja sehemu ya mazao na kumfanyia kazi. Mpangaji angeweza kulitunza shamba mpaka likawa jeusi kwa rutuba, lakini ziada ikaenda kwa mwingine. Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji hao mwaka 1965. Ukilinganisha na gemu, udongo ni uleule na jembe ni lilelile, kilichobadilika ni nani anakula ile ziada.

Na ile kanuni ya tatu ya msitu nayo ina mfano hapahapa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science habari za matanuri ya chuma ya magharibi mwa Ziwa Victoria, yakiwemo ya Kemondo hapo Bukoba Vijijini. Watu wa huku walikuwa wanatengeneza chuma cha kaboni, yaani chuma kigumu, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa maelezo yao kwa kupasha moto hewa kabla haijafika kwenye moto wa tanuri. Akili kubwa hiyo. Lakini tanuri linakula mkaa na mkaa unakula miti, na watafiti hao wanaona kazi ya chuma ilichangia kupunguza misitu ya ukanda huu. Walipata ngao zao, wakalipa kwa msitu.

KIBANJA NI KIPANDE KILICHOTENGENEZWA

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Muleba, angalia dirishani. Unaona vijiji vimefunikwa na migomba, kijani kizito, nyumba hazionekani. Halafu ghafla migomba inakatika, unaona uwanda wa nyasi, mawe, udongo mwepesi. Mbele tena migomba. Mgeni anadhani Mungu aliweka udongo mzuri kwa mafungu. Wapi! Udongo wa ukanda wa ziwa kwa asili ni maskini. Mvua ya Bukoba ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo miaka na miaka inaosha virutubisho na kuvizamisha chini. Ule uwanda wa nyasi, rweya, ndiyo hali halisi ya ardhi. Kibanja kimetengenezwa na watu.

Kimetengenezwaje? Ng'ombe walikuwa wanachungwa rweya mchana, usiku wanalala nyumbani. Samadi inabaki nyumbani, inaingia kwenye migomba. Nyasi zinakatwa rweya, zinatandazwa chini ya migomba zizuie jua na magugu, kisha zinaoza. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, majani ya maharage, takataka zote za nyumba zinaishia palepale. Fanya hivyo kila siku kwa vizazi, unapata udongo mweusi hatua chache tu kutoka kwenye udongo usioweza kubeba mgomba.

Juu ya kipande hicho kimoja kuna ndizi za kupika, ndizi za pombe, mibuni, maharage, magimbi, na mti wa kivuli kama msizi. Kwenye Civilization IV kipande kimoja kinabeba kitu kimoja: ukiweka shamba la nafaka huweki shamba la miti. Ndizi zimo, na ukishajua Kalenda unaziwekea shamba lake, basi. Kibanja kingeingia humo, wapinzani wangelalamika kwamba unaiba.

Kitu kinachokaribia kibanja humo ni kile kijumba cha pembeni ambacho ukikijenga hakina maana, kinaongeza biashara 1 tu. Lakini raia akikaa anakilima, baada ya zamu 10 kinakuwa kitongoji, baada ya 20 nyingine kinakuwa kijiji, baada ya 40 nyingine mji mdogo wenye kuleta 4. Jumla zamu 70. Raia akiondoka, hesabu inasimama. Adui akikipora, kinarudi nyuma daraja moja. Wachezaji wengi wanakikimbia kwa sababu hakilipi leo. Mabibi na mababu zetu walicheza zamu 70 na zaidi.

GEMU LINAPOTUDANGANYA

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwenye Freeciv, ukishachimba mfereji, kipande kinatoa 3 leo, kesho, mpaka gemu liishe. Labda adui apore, au uchafuzi wa viwanda uingie. Vinginevyo ardhi haichoki. Na ile 1 ya ziada haijatoka kwenye kipande cha jirani, imetokea tu kwa sababu kibarua alichimba.

Kibanja si hivyo. Kila mkungu unaouzwa mjini unaondoka na mali ya udongo, hasa potasiamu ambayo mgomba unaipenda sana. Usiporudisha, kipande kinashuka. Na kinachorudishwa kinatoka mahali: kimetoka rweya, kimepitia tumbo la ng'ombe au mgongo wa mtu aliyebeba mzigo wa nyasi. Yaani kibanja kimoja kinalishwa na vipande vingi ambavyo ukiviangalia unasema havina kazi.

Ndiyo maana ng'ombe akitoka kwenye hesabu, kila kitu kinayumba. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikamaliza mifugo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia kaskazini ya mto Kagera yalipora ng'ombe na kulipua daraja la Kyaka. Kwenye gemu tunaita kupora vipande, na kule Missenyi watu waliuona kwa macho. Lakini hata bila vita ng'ombe wamepungua majumbani. Watafiti waliopima mashamba ya Bukoba miaka ya 1990 walikuta kaya zisizo na ng'ombe hesabu ya virutubisho inatoka hasi, kinachotoka kinazidi kinachoingia. Kibanja cha namna hiyo hakifi siku moja. Mikungu inakuwa midogo, fukusi wanatoboa migomba, upepo unaiangusha, mwisho unapanda mihogo na mahindi na kipande kinaitwa kikamba.

Na rweya yenyewe inakwisha. Watu wanapanda mipaina na mikaratusi, wengine wanajenga, wengine wamezungushia uzio. Simlaumu mtu anayepanda miti, mbao ni pesa na pesa inasomesha. Ninachosema ni kwamba anayehesabu rweya kama "pori tupu" anacheza kama yule kijana wa askari watano: anaangalia kipande kimoja, haoni kinalisha nini. Nyasi zikiisha, kibanja cha nani kitatandazwa?

Halafu kuna mnyauko wa migomba, ule unaoletwa na bakteria. Uganda uliingia 2001, na mwaka 2006 uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza, wilayani Muleba. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani ni kahawia, na shina linatoa usaha wa njano. Huo haujali kibanja chako kina samadi kiasi gani. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na visu na mapanga, na machipukizi ya kuazimana.

KWA HIYO TUFANYE NINI

Kwenye gemu: usihesabu kipande kimojakimoja, hesabu mji mzima. Kipande kipi kinalisha kipi? Vipande viwili vya majani vinamlisha mchimba mgodi mmoja, ukiviacha viporwe mgodi unasimama ingawa wenyewe haujaguswa. Linda vile vinavyolisha kabla ya vile vinavyong'aa. Na anza mapema, maana zamu ulizozipoteza mwanzoni hazinunuliki baadaye.

Nyumbani, kwa nyie ambao mzee amewakatia kipande cha kibanja, au atawakatia:

- Kama hakuna ng'ombe, fikiria mmoja wa maziwa wa kufugia bandani badala ya watano wa kuchunga. Huko kwetu kuna utaratibu wa kupewa mtamba na kulipa kwa ndama jike, ulizia kwa afisa mifugo au kanisani. Mkojo wake usiuache upotee, ni mbolea kama samadi.

- Bila ng'ombe kabisa, angalau maganda na majivu yasitoke nje ya uzio. Ukiuza ndizi mjini, ujue umeuza na udongo. Rudisha kitu.

- Kata nyasi, tandaza, lakini acha nafasi kidogo kuzunguka shina ili fukusi wasipate pa kujificha.

- Mnyauko: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotoka, usitumie kisu. Panga lipitishe kwenye moto au kwenye maji ya JIK kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba ulioumwa ukate na uuondoe. Machipukizi chukua mahali unapopaamini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kipo hapo karibu, waulizeni.

- Kabla ya kuuza kipande cha rweya cha ukoo, kaeni kikao mhesabu nyasi. Msihesabu mbao peke yake.

Najua kuna atakayesema: mimi nipo mjini, kibanja cha nini, nitauza ninunue bodaboda. Sawa, mali ni yako. Ila bodaboda thamani yake inashuka kuanzia siku ya kwanza, na kile kipande kilichukua zamu nyingi kuliko umri wako kufika hapo kilipo. Ukishakiacha kikashuka mpaka kikamba, hakuna kitufe cha kubonyeza kikarudi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwa wachezaji: nani kati yenu anashinda Freeciv bila kugusa mifereji kabisa? Atueleze. Na kwa watu wa Kamachumu, Nshamba, Izigo, Kanyigo: rweya ya kijijini kwenu bado ipo, au imekwisha?